Mwongozo kamili: Namna ya kujua wimbi litapinda upande gani likiingia kwenye kitu kingine

Vitabu vingi vya shule hufundisha kwamba mwanga ukitoka kwenye kitu chepesi na kuingia kwenye kitu kizito, hupinda kuukaribia mstari wima, yaani mstari unaosimama kwa nyuzi 90 juu ya mpaka wa vitu hivyo viwili. Kanuni hiyo imewavusha wengi kwenye mitihani, lakini ina kasoro. Mafuta ya kupikia ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea juu yake, na bado huupinda mwanga zaidi kuliko maji. Sauti nayo ikitoka hewani na kuingia majini hupinda kinyume kabisa na mwanga, ilhali maji ni yale yale na uzito wake haujabadilika hata chembe.

Basi uzito si mwamuzi. Mwamuzi ni kasi. Ukijua wimbi linakwenda mbio kiasi gani upande huu wa mpaka na kiasi gani upande ule, unaweza kusema litapinda wapi, kwa pembe ipi, na kama litavuka au litarudishwa. Hilo ni kweli kwa mwanga, sauti, redio, mawimbi ya bahari na hata mitetemo ya matetemeko ya ardhi. Mwongozo huu unakupeleka hatua kwa hatua hadi uweze kufanya kazi hiyo mwenyewe kwa penseli, rula, bikari na kipimapembe. Kikokotoo kitasaidia, lakini si lazima. Mchoro nitakaouonyesha hutoa jibu bila hesabu yoyote ngumu.

Kwanza, kwa nini wimbi lipinde?

Fikiria safu ya watu walioshikana mikono, wanatembea bega kwa bega kwenye ardhi ngumu, wanaelekea kwenye tope. Wakilifikia tope wote kwa pamoja, safu nzima itapunguza mwendo ila itaendelea kwenda mbele vilevile. Lakini wakilijia kwa mshazari, wa upande mmoja watakanyaga tope kwanza na kupunguza mwendo, huku wa upande wa pili wakiendelea na kasi yao ya awali. Safu itageuka. Itageukia upande wa waliopunguza mwendo.

Wimbi hufanya hivyo hivyo. Kilele chake ni mstari mrefu, na sehemu ya mstari huo inayoingia kwanza kwenye dutu ya polepole hubaki nyuma. Kariri sentensi hii moja, kwa sababu kila kinachofuata kinaitegemea: wimbi huinamia upande ambao mwendo wake ni wa polepole.

Kuna kitu kimoja kisichobadilika mpakani, nacho ni masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kila kilele kinachofika mpakani lazima kitoke upande wa pili. Hakuna vilele vinavyorundikana katikati wala vinavyozaliwa upya. Kwa hiyo kasi ikipungua, vilele husogeleana na urefu wa wimbi hupungua kwa uwiano ule ule. Mwanga mwekundu wenye urefu wa nanomita 650 hewani huwa na urefu wa karibu nanomita 488 ndani ya maji. Lakini mzamiaji bado anauona mwekundu, kwa kuwa masafa yake hayajaguswa.

Hatua ya 1: Tambua wimbi lako na upime ukubwa wa mpaka

Usianze kuchora kabla ya kujua unashughulika na wimbi la urefu gani. Kanuni za kupinda zinafanya kazi vizuri pale tu mpaka unapokuwa mpana na laini ukilinganisha na urefu wa wimbi. Mwanga una mawimbi mafupi mno, karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo hata tone la maji ni ulimwengu mpana kwake. Sauti ya mtetemo 343 kwa sekunde ina urefu wa mita moja hewani. Redio ya masafa ya megahezi 100 ina urefu wa mita tatu. Kwa mawimbi marefu namna hiyo, chupa ya maji si mpaka wa maana. Wimbi litaizunguka tu na kuendelea na safari, na kanuni zinazohusika hapo ni nyingine.

Hatua ya 2: Tafuta kasi pande zote mbili

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kwa mwanga, kasi katika ombwe ni mita 299,792,458 kwa sekunde, sawa na karibu kilomita 300,000. Kwenye dutu nyingine hupungua, na upungufu huo huandikwa kwa namba moja iitwayo fahirisi ya mpindo. Ni kasi ya ombwe ikigawanywa kwa kasi ndani ya dutu. Hewa ina fahirisi ya 1.0003, barafu 1.31, maji 1.33, mafuta ya kupikia karibu 1.47, glasi ya kawaida karibu 1.5, na almasi 2.42. Ukitaka kasi yenyewe, gawanya 300,000 kwa fahirisi: majini unapata kilomita 225,000 hivi kwa sekunde, kwenye glasi 200,000, na ndani ya almasi kama 124,000.

Mwanga hucheleweshwa kwa sababu uwanja wake wa umeme hutikisa elektroni za dutu, nazo elektroni hutoa mawimbi yao madogo. Mawimbi hayo yakijumlishwa na lile la awali, matokeo ni wimbi moja ambalo vilele vyake vinachelewa. Kiasi cha ucheleweshaji hutegemea elektroni hizo zinavyotikisika, si kilo ngapi zimo kwenye ndoo. Ndiyo maana mafuta mepesi yanaweza kuyashinda maji.

Suala hili la kasi liliwahi kugombanisha wakubwa. Isaac Newton, aliyeuona mwanga kama chembe, alihitaji mwanga uende kasi zaidi majini ili hesabu zake za kupinda zikubali. Christiaan Huygens, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1690, alishikilia kuwa mwanga ni wimbi na kwamba lazima upungue mwendo. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1850, Léon Foucault alipolinganisha mwendo wa mwanga hewani na majini kwa kioo kinachozunguka. Mwanga ulikuwa wa polepole majini.

Kwa sauti, jedwali linageuka kichwa chini. Hewani kwenye nyuzijoto 20 sauti hukimbia mita 343 kwa sekunde, majini karibu 1,480, na ndani ya chuma cha pua hupita 5,000. Sauti hupitishwa kwa kusukumana, na kadiri dutu inavyokuwa ngumu kubonyezwa ndivyo msukumo unavyopokewa haraka. Hewani joto nalo hubadilisha kasi: chukua 331, kisha ongeza 0.6 kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi.

Kwa mawimbi ya bahari kinachoamua ni kina. Pale ambapo maji ni mafupi sana ukilinganisha na urefu wa wimbi, kasi ni kipeuo cha pili cha kina mara 9.8. Tsunami juu ya kina cha mita 4,000 huenda karibu mita 198 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 700 kwa saa. Ikifika penye kina cha mita 10, kasi hushuka hadi kama mita 10 kwa sekunde. Bahari ni moja, maji ni yale yale, na bado kuna "mpaka" kila mahali ambapo kina hubadilika.

Hatua ya 3: Chora mpaka na mstari wima

Chora mpaka kama mstari ulionyooka. Weka nukta pale wimbi linapogonga, na kwenye nukta hiyo simamisha mstari wenye nyuzi 90 na mpaka. Huo ndio mstari wima. Pembe zote hupimwa kutoka kwenye mstari huu, si kutoka kwenye mpaka. Nasisitiza kwa sababu majibu mengi yasiyo sahihi huzaliwa hapa: mwale unaoteleza karibu na uso wa maji una pembe kubwa, si ndogo, na mwale unaoingia wima kabisa una pembe ya sifuri na haupindi hata kidogo.

Kama mpaka umepinda, mfano uso wa lenzi, chora kwanza mstari unaougusa mpaka kwenye nukta hiyo tu, kisha simamisha mstari wima juu yake.

Hatua ya 4: Sema jibu kabla ya kulipima

Jiulize: ng'ambo ya mpaka ni polepole zaidi au haraka zaidi? Ikiwa ni polepole, wimbi litausogelea mstari wima. Ikiwa ni haraka, litauacha mstari wima na kuulalia mpaka. Andika jibu hilo pembeni. Mchoro wako ukija na jibu tofauti, umekosea mahali, na ni bora ugundue sasa.

Hatua ya 5: Mchoro wa duara mbili

Mfano wetu ni mwanga unaotoka hewani kuingia majini. Uwiano wa fahirisi ni 1 kwa 1.33, ambao ni sawa na 6 kwa 8.

Weka ncha ya bikari kwenye nukta ya kugonga. Chora duara la nusu kipenyo cha sentimita 6. Hilo ni la hewa. Bila kuhamisha ncha, chora jingine la sentimita 8; hilo ni la maji. Sasa chora mwale unaokuja kutoka juu hadi kwenye nukta, kisha uuendeleze kwa mstari hafifu chini ya mpaka kana kwamba haukupinda, mpaka ukate duara la hewa. Kutoka kwenye sehemu hiyo ya mkato shusha mstari sambamba na mstari wima hadi ukute duara la maji. Unganisha nukta ya kugonga na mahali ulipofika. Huo ndio mwale uliopinda.

Jaribu kwa mwale wa nyuzi 45. Ukiwa makini, kipimapembe kitasoma 32 upande wa maji. Kwa nyuzi 60 utapata takribani 40 na nusu, na kwa 30 utapata 22. Angalia kwamba mpindo haukui kwa kadiri ile ile ya pembe: wa 30 umepinda kwa nyuzi 8 tu, wa 60 kwa karibu 20.

Kanuni ya mchoro ni kwamba nusu kipenyo cha kila duara kinalingana na fahirisi ya dutu yake. Na kwa kuwa fahirisi ni kinyume cha kasi, dutu ya polepole ndiyo hupata duara kubwa. Kwa mawimbi yoyote yasiyo ya mwanga tumia uwiano wa kasi ukiwa umegeuzwa. Kwa sauti, hewa ndiyo itapata duara kubwa: sentimita 8.6 kwa hewa na 2 kwa maji.

Mchoro wa aina hii una ukoo mrefu. Ibn Sahl, mwanahisabati wa Baghdad, alitumia uwiano kama huu wa mistari miwili karibu mwaka 984 katika kazi yake kuhusu vioo na lenzi za kuunguzia. Mholanzi Willebrord Snell aliufikia tena mwaka 1621, na leo kanuni hubeba jina lake: fahirisi ya upande wa kwanza mara sini (kitufe cha sin kwenye kikokotoo) ya pembe yake ni sawa na fahirisi ya upande wa pili mara sini ya pembe yake. Mwenye kikokotoo atumie hiyo. Lakini namshauri hata mwenye kikokotoo achore kwanza mara kadhaa, kwa sababu hatua inayofuata huonekana wazi kwenye karatasi kuliko kwenye namba.

Hatua ya 6: Angalia kama wimbi litavuka kabisa

Geuza safari. Sasa mwale unatoka majini kwenda hewani. Uendeleze juu ya mpaka hadi ukate duara la maji, lile kubwa, kisha telemsha mstari sambamba na mstari wima kutafuta duara dogo la hewa. Kwa nyuzi 40 utalipata, na mwale utatokea hewani kwa nyuzi 59. Ongeza pembe hadi 55 na mstari wako utapita nje ya duara dogo bila kuligusa. Hakuna mahali pa kuunganisha.

Hiyo haimaanishi umekosea. Hakuna mwale unaotoka. Mwanga wote hurudishwa ndani, na uso wa maji hugeuka kioo kisafi kuliko kioo chochote cha kutengenezwa. Jambo hili huitwa uakisi kamili wa ndani, na pembe ambayo huanzia ni pembe ya ukomo. Kwa maji na hewa ni nyuzi 48.6, kwa glasi na hewa karibu 42, na kwa almasi na hewa 24 na kidogo. Almasi inameta kwa sababu hiyo: mwanga ulioingia hupata shida kutoka, hugonga uso baada ya uso, hadi upate njia pale mkataji alipokusudia.

Nyuzi za glasi zinazobeba intaneti chini ya bahari hutegemea kanuni hii hii. Kiini cha uzi kina fahirisi kubwa kidogo kuliko ganda lake, na mwanga unaoligonga ganda kwa mshazari mkali hurudi kiinini kila mara. Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake George Hockham walionyesha kwamba tatizo la nyuzi hizo lilikuwa uchafu ndani ya glasi, na kwamba glasi safi ingeweza kubeba mawasiliano masafa marefu. Kao alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009.

Uakisi kamili hutokea tu wimbi linapotoka upande wa polepole kwenda upande wa haraka. Kwa mwanga ni kutoka majini kwenda hewani. Kwa sauti je? Ni kutoka hewani kwenda majini. Chora ile ya sentimita 8.6 na 2 uone: pembe ya ukomo ni kama nyuzi 13 tu. Sauti yoyote ya hewani inayofika kwenye uso wa maji tulivu kwa mshazari unaozidi hapo inarudi yote juu.

Hatua ya 7: Kadiria kiasi kinachorudi

Hata pale wimbi linapovuka, sehemu yake hurudi. Kwa mwanga unaoingia wima, toa fahirisi moja kwenye nyingine, gawanya kwa jumla yao, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Hewa na glasi: 0.5 gawanya kwa 2.5 ni 0.2, na 0.2 mara 0.2 ni 0.04. Asilimia 4 hurudi. Maji hurudisha asilimia 2, almasi 17. Mwanga ukija kwa mshazari mkubwa, kinachorudi huongezeka, na ukikaribia kuulalia mpaka hurudi karibu wote.

Sasa tazama kinachotokea fahirisi zikilingana: hakuna kinachorudi na hakuna kinachopinda. Chukua fimbo ya glasi ya maabara, ile inayostahimili moto, yenye fahirisi ya karibu 1.47, uitumbukize kwenye mafuta ya kupikia. Sehemu iliyozama hutoweka machoni. Ni jaribio ambalo ningependa kila mwanafunzi alione angalau mara moja, kwa sababu linafundisha kwamba tunaona vitu vya uwazi kwa mipaka yao tu.

Kwa sauti, kiasi kinachorudi hutokana na kasi ikizidishwa kwa densiti, yaani uzito wa dutu kwa ujazo wake, na hapa ndipo densiti inapata nafasi yake halali. Tofauti ya hewa na maji ni kubwa mno: hata sauti ikigonga wima, karibu sehemu moja tu ya elfu ya nishati yake huingia majini. Hii ndiyo sababu mhudumu wa kipimo cha ultrasaundi hupaka jeli kwenye ngozi kabla ya kuweka kifaa. Tabaka jembamba la hewa kati ya kifaa na ngozi lingerudisha karibu sauti yote, na picha isingepatikana.

Mpaka usiokuwa na mstari

Mara nyingi kasi haibadiliki ghafla bali kidogo kidogo, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu ya somo zima. Mbinu ni kuigawa dutu katika matabaka membamba na kurudia hatua ya 5 kwenye kila tabaka. Utagundua kwamba fahirisi mara sini ya pembe haibadiliki kutoka tabaka la kwanza hadi la mwisho. Matabaka ya katikati yakiwa sambamba, hayabadilishi mwelekeo wa mwisho. Kwa hiyo ukitazama maji kupitia ukuta bapa wa glasi, glasi husogeza mwale kidogo pembeni lakini haibadilishi pembe ambayo maji na hewa vingeleta vyenyewe.

Chukua barabara ya lami wakati wa jua kali. Hewa inayogusa lami ina joto sana, ni nyembamba, na mwanga hupita humo haraka kidogo kuliko juu yake. Mwanga wa anga unaoteremka kuelekea lami huinamia upande wa polepole, yaani juu, na hujipinda hadi kwenye jicho lako bila kuigusa barabara. Jicho halijui kwamba mwale umepinda. Linaona kipande cha anga kimelala chini, na akili inasema ni dimbwi la maji.

Jua linapokuchwa, hewa inayozidi kuwa nzito kuelekea chini hupinda miale yake kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Upana wa jua lenyewe machoni ni karibu nusu nyuzi. Maana yake, wakati ukingo wake wa chini unaonekana kugusa upeo wa macho, jua lote kijiometri tayari limekwisha kuzama.

Sauti nayo. Usiku ardhi hupoa, na hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu. Kasi ya sauti ni ndogo chini, kubwa juu. Sauti iliyopaa huinamia upande wa polepole, yaani hurudi chini, na mazungumzo ya mbali husikika kama ya jirani. Mchana mambo hugeuka: ardhi ina joto, sauti hupinda kwenda juu, na mtu aliye mbali hubaki katika kivuli cha sauti. Anayetaka kuita mtu wa mbali mchana apande mahali pa juu.

Baharini kuna jambo la ajabu zaidi. Ukishuka, maji hupoa na kasi ya sauti hupungua. Ukizidi kushuka, shinikizo huiongeza tena. Katika bahari nyingi za latitudo za kati, kasi huwa ndogo kabisa kwenye kina cha karibu mita 1,000. Sauti inayotolewa hapo ikijaribu kupanda huinamishwa chini, ikijaribu kushuka huinamishwa juu. Inanaswa na kusafiri mbali sana. Mnamo Januari 1991 watafiti walipiga sauti za masafa ya chini karibu na Kisiwa cha Heard, kusini mwa Bahari ya Hindi, na vipokezi vilizinasa hadi pwani za Marekani.

Mawimbi ya ufukweni hufuata sheria hiyo hiyo. Yanapokaribia nchi kavu kwa mshazari, ncha iliyo kwenye kina kifupi hupungua mwendo, na wimbi zima hugeuka hadi karibu sambamba na pwani. Kwenye rasi iliyojitokeza, kina kifupi hukusanya mawimbi kutoka pande zote, na ghubani huyatawanya. Mwenye kujenga gati afanye mchoro wake kwanza.

Unaweza pia kwenda kinyume: kutoka kwenye mpindo hadi kwenye kisichoonekana. Mwaka 1906 Richard Oldham alitumia nyakati za kufika kwa mitetemo ya matetemeko kuonyesha kuwa Dunia ina kiini. Mwaka 1936 Inge Lehmann, kutoka Denmark, alitambua kwamba ndani ya kiini hicho kuna kiini kingine, kwa sababu mitetemo dhaifu ilifika mahali ambapo haikupaswa kufika. Hakuna aliyechimba. Walifuata kasi na mipindo tu.

Jipimie fahirisi ya maji mwenyewe

Weka sarafu kwenye sakafu ya chombo chenye pande za uwazi, ujaze maji hadi kina cha sentimita 20. Inama utazame moja kwa moja kutoka juu kwa jicho moja. Mkono wa pili ushike penseli ikiwa imelala nje ya chombo, ubavuni, ipandishe na kuishusha huku ukitikisa kichwa kidogo kushoto na kulia. Kuna kimo kimoja ambapo penseli na sarafu husogea pamoja, bila kupishana. Hapo penseli iko kwenye kina ambacho jicho linaona sarafu. Pima kutoka uso wa maji hadi kwenye penseli. Inapaswa kuwa karibu sentimita 15. Gawanya 20 kwa 15, unapata 1.33.

Ukipata namba kubwa kuliko 1.4, bila shaka ulitazama kwa mshazari. Njia hii hukubali tu ukiwa wima juu ya sarafu. Ukitazama kutoka pembeni, sakafu huonekana fupi zaidi. Ndiyo sababu bwawa la mita mbili huonekana la mita moja na nusu kwa anayetazama chini ya miguu yake, na fupi zaidi ya hapo kwa aliye mbali. Mfundishe mtoto hilo kabla hajaruka.

Kama una kitochi cha leza, matone machache ya maziwa ndani ya maji yatakuonyesha mwale wote. Usiuelekeze kwenye jicho la mtu yeyote, na kumbuka kwamba uso wa maji nao huurudisha.

Rangi

Fahirisi moja si ya rangi zote. Ndani ya glasi, urujuani huenda polepole kidogo kuliko nyekundu, hivyo hupinda zaidi. Newton alieleza mwaka 1672 jinsi mche wa glasi unavyotenganisha mwanga mweupe kuwa rangi zake. Matone ya mvua hufanya hivyo pia: nyekundu hurudi kwa nyuzi kama 42 kutoka mstari wa jua, urujuani kwa kama 40, na upinde wa mvua unaonekana. Unapotaka vipimo makini, taja rangi uliyotumia.

Mazoezi matatu

La kwanza: mwanga unatoka majini kuingia kwenye glasi ya 1.5 kwa pembe ya nyuzi 50. Glasi ni polepole, kwa hiyo pembe lazima ipungue. Duara za sentimita 8 na 9 zitakupa karibu nyuzi 43.

La pili: mzamiaji anaelekeza taa juu kwa nyuzi 55 kutoka mstari wima. Je, aliye kwenye mashua ataona mwale ukitoka? Maji yakiwa tulivu, hapana. Umepita pembe ya ukomo.

La tatu linahitaji puto lililojazwa kaboni dioksidi, gesi ambayo sauti hukimbia ndani yake karibu mita 270 kwa sekunde. Saa ya ukutani inalia upande mmoja wa puto, sikio lako liko upande wa pili. Ndani ni polepole kuliko nje, kwa hiyo sauti huukaribia mstari wima inapoingia na huuacha inapotoka, na kwa umbo la puto mawimbi hukusanyika upande wako, sawa na mwanga kwenye lenzi ya kukuza. Jaza heliamu badala yake, ambamo sauti hukaribia mita 1,000 kwa sekunde, na puto hilo hilo litaitawanya.